Manyoya ya paka ndani ya nyumba: ufagio, mashine, glavu au rola ya gundi?

MshonajiNgambo

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mie nashona mabuibui nyumbani, Ng'ambo, hapa Unguja mjini, na chumba cha mbele ndio kazini kwangu. Nna paka wawili, mmoja marara na mmoja mweupe pee. Yule mweupe nilimuokota Darajani chini ya gari, mvua ya masika imemrowesha mpaka mifupa inaonekana, na simtoi nyumbani kwa hali yoyote. Naanza na hilo ili asitokee mtu akanambia nimtupe.

Tatizo ni manyoya yake. Wiki iliyopita mteja kafungua buibui lake la harusi mbele yangu, akalinyoosha dirishani. Kwenye taraza ya mkono wa kulia kuna unyoya mweupe mmoja, umeshonwa pamoja na uzi. Nikaunasa kwa ncha ya sindano nikauvuta, ukakatikia ndani. Ikabidi nifumue shibiri nzima ya taraza yeye amekaa ananingoja. Hakusema neno baya, lakini nilivunjika moyo.

Nimejaribu njia nne mpaka sasa. Ufagio wa chelewa ndio niliozoea, lakini kwenye sakafu ya saruji manyoya yanakimbia mbele ya ufagio, na feni ikiwa inazunguka yanapanda juu halafu yanatua tena kitambaani. Mashine ya kuvuta vumbi nimeazima kwa wifi yangu. Busatini inafanya kazi nzuri, mkekani inayaruka, na umeme ukikatika ndio basi. Paka nao wakiisikia hukimbilia juu ya kabati na hawashuki mpaka magharibi. Glavu za mpira za kuoshea vyombo nilielekezwa na jirani: unazirowesha kidogo, unapitisha mkono kwenye kochi upande mmoja, manyoya yanajikusanya yanakuwa kama kamba. Sikuamini macho yangu. Ila ni kazi ya mkono, kochi moja robo saa. Mwisho rola ya gundi, ile unayobandua karatasi. Kwa nguo iliyokwisha sijaona mfano wake, lakini karatasi zinakwisha upesi na kila ukihesabu ni pesa.

Walio na paka na kazi za vitambaa, nyinyi mnashika ipi?

Wete_Mjini

Waalaykum salaam dada. Glavu, bila ya kufikiri mara mbili. Mashine ni ya mwenye mazulia, na sisi wengi huku Pemba tunakalia mikeka.

Kuhusu mkeka, glavu peke yake haitoshi. Unyoya unaingia baina ya miyaa na ukisugua kwa kukata msuko unauzamisha zaidi. Mie hufanya hivi: nautoa nje mkeka mkavu, nautandaza kifudifudi, nauacha jua liupate vizuri, halafu naupiga mgongoni kwa fimbo ya mpera. Yanaanguka chini. Baadae naugeuza na kuupitishia glavu kwa kufuata msuko. Usiuroweshe kabla, ukindu ukirowa unabana na manyoya yanabaki humo humo. Na tizama upepo unatokea wapi kabla hujaanza kupiga. Kipindi cha kusi mie huhamia upande wa pili wa nyumba, la sivyo yote yanarudi mlangoni.

Kubwa zaidi, mpe kila paka pahala pake. Paka akipenda pahala hulala hapo hapo miezi. Tandika kanga kuukuu ya pamba juu ya kiti hicho, kila wiki ikung'ute na uifue. Manyoya ambayo yangeenea nyumba nzima utayakuta kwenye kanga moja.

BibiWaBustani

Wanangu, sisi zamani paka akipukutika manyoya tukimpaka mafuta ya nazi yaliyotiwa matone ya mafuta ya karafuu. Manyoya yanashika, na viroboto wanakimbia. Jaribu mwanangu, hayana gharama.

nasomea_mifugo

Shikamoo bibi. Nakuomba kwa heshima zote, na nawaomba wote wanaosoma hapa, msimpake paka mafuta ya karafuu.

Ini la paka si kama letu. Lina upungufu wa kimeng'enya kinachovunja sumu za aina ya fenoli, na yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, iko katika kundi hilo. Mtu akiweka tone kwenye jino linalouma hapati shida. Paka ukimpaka atajilamba mwili mzima, na kila alichopakwa kinaishia tumboni. Dalili ni kudondokwa na mate, kuyumba, kutapika, kulala tu. Mafuta ya mkaratusi nayo yana hatari kwa paka. Vile vile dawa za kuua vijidudu za sakafuni zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia maji: ukipigia deki, suuza sakafu vizuri na iache ikauke kabla paka hajapita, maana atalamba nyayo. Na dawa za viroboto za mbwa zenye pemethrini msimtilie paka hata tone. Hizo zinaua.

Sasa kuhusu manyoya yenyewe. Katika nchi za baridi paka hubadilisha manyoya kwa misimu, kwa sababu mwili wake unafuata urefu wa mchana. Sisi tuko karibu nyuzi 6 kusini ya Ikweta. Mchana mrefu wa mwaka na mfupi wake unapishana chini ya saa moja. Kwa hiyo paka wetu hana msimu, anapukutika kidogo kidogo mwaka mzima. Ukingoja "yamalizike" utangoja sana.

Lakini kupukutika ni kitu kimoja na kunyonyoka ni kitu chengine. Ukiona kiduara hakina manyoya, kina magamba, khasa masikioni, usoni au miguuni, hicho huenda ni choa na kinaambukiza watu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Akijikuna sana, mpitishe chanuo la chawa mgongoni karibu na mkia, kisha ligonge juu ya pamba nyeupe iliyoroweshwa maji. Vikianguka vichembe vyeusi, vingoje kidogo. Vikitoa rangi nyekundu ya kahawia kwenye pamba, hivyo ni vinyesi vya viroboto, yaani damu ya paka iliyosagwa. Hapo glavu na rola hazitokusaidia mpaka utibu viroboto.

Chakula pia kina mkono wake. Msimlishe samaki mbichi kila siku. Wapo samaki ambao wabichi wanaharibu vitamini B1 mwilini mwa paka. Mchemshie, bila chumvi, na mabaki ya mchuzi msimpe kwa sababu ya vitunguu. Kitunguu maji na kitunguu thomu vyote vinamuharibia damu.

BibiWaBustani

Marhaba mwanangu. Nimesoma mara mbili. Nilikuwa na paka, tulimpaka akawa anatokwa na mate, tukasema kapigwa na jua. Alikufa siku ya pili. Leo ndio nimejua. Mungu akuzidishie elimu, sitorudia.

MamaWaGhorofani

Poleni bibi.

Nichangie upande wa pumu, maana sisi tunakaa Michenzani ghorofa ya juu na mwanangu wa kiume ana pumu. Nilidhani adui ni unyoya. Hospitali tulielezwa kuwa kinachomsumbua mtu ni protini iliyomo kwenye mate na ngozi ya paka. Paka anajilamba, mate yanakauka, yanakuwa vumbi jepesi sana linaloelea hewani. Unyoya ni chombo tu cha kulibeba. Ndio maana paka wa manyoya mafupi naye anampa mtu mafua, na paka wa Kiajemi wanaoletwa kwa bei kubwa si kwamba wana afadhali.

Kwa hivyo, dada mshonaji, mashine ya wifi yako itizame chujio lake. Kama ni la kawaida, inavuta manyoya na kulipulizia lile vumbi jepesi nje kwa nyuma. Mwanangu alikuwa anabanwa kifua kila nikimaliza kusafisha, na mie najisifu nyumba inang'ara! Niliiacha. Sasa napangusa kwa kitambaa chenye unyevu, kuanzia juu kushuka chini, sakafu ya mwisho, madirisha wazi na mtoto yuko skuli. Kwenye zulia dogo la ukumbini natumia ule mpira wenye mpini wa kusukumia maji sakafuni: navuta kuelekea kwangu, kwa nguvu, mistari mifupi. Mara ya kwanza zulia nililodhani safi lilinitolea manyoya ya kujaza kikombe.

Paka haingii chumba cha mtoto, mlango unafungwa mchana na usiku. Magodoro nayapandisha juani kila nipatapo nafasi, kwani unyevu wa kwetu unalea vile vijidudu vya vumbi visivyoonekana, navyo vinabana kifua vile vile. Na jamani, mtu asidhani akimtoa paka leo basi kesho mtoto kapona. Dada yangu alimtoa wake, na kikohozi kilichukua miezi kupungua, kwa sababu lile vumbi limeshaingia kwenye makochi na mapazia.

KanzuNyeupe

Mie kinyume chako dada, paka mweusi na kanzu nyeupe. Rola ya gundi iko nyuma ya mlango, siendi msikitini bila kuipitisha. Lakini nina suala: likibaki moja mawili, sala inasihi?

MtotoWaChuoni

Paka mwenyewe si najisi, na hadithi ya Abu Qatada, aliyemuinamishia paka chombo cha maji anywe, inajulikana. Kuhusu unyoya uliokwisha kutoka mwilini, katika madhehebu ya Shafii ambayo wengi wetu hapa tunaifuata, unahesabiwa najisi, lakini kidogo kinasamehewa, khasa kwa anayeishi na paka. Moja mawili usiwe na wasiwasi. Kwa ufafanuzi zaidi muulize sheikhe wa msikiti wako.

Wete_Mjini

Nimesahau jambo la kufua. Nguo yenye manyoya usiitie majini moja kwa moja. Manyoya yakirowa yanajisokota na kushikamana na kitambaa, na kwa wenye mashine yanaziba chujio. Ianike kavu, ikung'ute, ndio uiroweshe.

MshonajiNgambo

Nimerudi baada ya siku kumi na sita. Nimefanya karibu yote mliyosema na naleta majibu.

Kilichobadilisha mambo zaidi ni kitu ambacho sikukiorodhesha mwanzo: kumchana paka mwenyewe. Kila siku baada ya alasiri nakaa naye barazani, glavu kavu mkono mmoja, dakika tano tu, nafuata manyoya yanavyolala, kutoka shingoni kwenda mkiani. Siku ya kwanza nilitoa donge la ukubwa wa limau. Siku ya nne lilikuwa la ukubwa wa kungu. Unyoya nilioushika barazani hauwezi kufika kwenye taraza, na hilo ndilo nililokuwa silioni: nilikuwa nahangaika na sakafu wakati chanzo kiko mapajani mwangu.

Ufagio wa chelewa umebaki uani. Ndani napiga deki bila kufagia, feni nimeizima kwanza. Mashine nimemrudishia wifi kwa shukrani. Glavu yenye maji ni ya kochi, siku ya Ijumaa. Rola naitumia mara moja tu, baada ya pasi, kabla sijalikunja buibui, na karatasi zinachukua muda mrefu kuliko zamani. Krepu nyeusi haikai wazi tena, nimeishonea mfuko wa shuka. Mweupe nimemtandikia kanga kwenye kiti cha dirishani, wala hakunipa tabu, alikihamia siku ile ile.

Nimeshamaliza mabuibui matatu. Kwenye la pili nilikuta unyoya mmoja juu ya kitambaa, nikaupuliza ukaondoka.

Mmoja ananishinda: marara. Mgongo anakubali, nikifika tumboni ananishika mkono kwa kucha nne, na manyoya mengi yako huko. Nasomea_mifugo, nifanyeje?

nasomea_mifugo

Tumbo liache dada. Wengi wao hawapendi kuguswa hapo, na ukilazimisha atakuchukia na glavu yenyewe. Mchane mgongo na mashavu, umalize kabla hajaanza kupiga mkia. Baada ya wiki mbili tatu jaribu ubavu, mara mbili tu za mkono, halafu mpe kipande cha samaki wa kuchemsha. Tumbo atajilamba mwenyewe. Ukiona anatapika vidonge vya manyoya mara kwa mara, au amekataa kula, hapo nenda ukamuone daktari.

MshonajiNgambo

Nimekufahamu. Leo nimemaliza kabla ya mkia. Kakaa mwenyewe dakika nzima baada ya mie kuvua glavu.