Ghorofa 40 ukingoni mwa mto: nguzo za kupigwa, za kuchimbwa, au tupunguze shimo?

Mjenzi wa Kingoni

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo ya waliowahi kujenga jirani na maji. Kiwanja chetu ni chembamba. Mbele ni mto, boti na matishari yanapita tangu alfajiri hadi usiku. Nyuma ni reli, na ubavuni kuna jengo la matofali la zamani ambalo watu bado wanaishi. Tunataka kusimamisha ghorofa 40, na chini ya ardhi ghorofa tatu za magari.

Vipimo vya udongo: kifusi mita 4 za juu, kisha mfinyanzi laini hadi mita 22, mchanga, na mwamba kwenye mita 34. Mto unajaa na kupwa.

Mezani kuna njia mbili za msingi. Moja ni nguzo za chuma za kupigwa nyundo. Nyingine ni nguzo za kuchimbwa hadi mwamba na kumwagwa zege. Mkandarasi anasukuma ya kwanza kwa sababu ya kasi. Mimi moyo unaenda kwenye ya pili ila sina hoja za kumtuliza mwenye mali. Shimo la magari nalo linanisumbua: tuchimbe lote wazi ndipo tupande, au tujenge kwenda chini na juu kwa wakati mmoja?

Nondo16

Mkuu, usiikatae nyundo haraka hivyo. Nguzo ya kupigwa inakujibu hapo hapo. Unahesabu mapigo kwa kila sentimita 25, ukiona yameongezeka unajua imeshika. Ya kuchimbwa unaijaza usichokiona, halafu unasubiri vipimo. Tena nyundo haikuachii milima ya matope ya kutafutia pa kumwaga.

Mfano mkubwa uko Shanghai, upande wa Mto Huangpu. Jin Mao, jengo la mita 420 lililokamilika 1999, limekaa juu ya nguzo 429 za mabomba ya chuma, zilizoteremka ardhini zaidi ya mita 80. Huko hakuna mwamba wa karibu, ni mchanga na mfinyanzi tupu, na jengo limetulia.

Mama Zege

Ndugu yangu Nondo16, mfano huo huo ndio ninaoutumia mimi kwa upande wa pili. Jin Mao ilipopigiwa nguzo, eneo lile lilikuwa na nafasi. Ilipofika zamu ya Shanghai Tower ya mita 632, hatua chache tu kutoka hapo, wahandisi waliachana na nyundo. Walichimba nguzo na kudunga saruji kwenye ncha zake ili zishike zaidi. Udongo ni ule ule. Kilichobadilika ni majirani, kwa sababu kelele na mtetemo wa nyundo visingevumilika tena.

Na si jambo jipya. Chicago, mwaka 1893, walipokuwa wanajenga Chicago Stock Exchange, jengo la soko la hisa, jengo la jirani lilikuwa na mitambo ya kuchapa gazeti. Ikaogopwa kwamba kupiga nguzo kungeivuruga. Upande ule wakachimba visima kwa mikono, wakavizungushia mbao kadiri wanavyoshuka, wakavijaza zege. Njia hiyo ndiyo iliyoenea mji mzima baadaye. Mjenzi, wewe ubavuni huna mitambo, una watu wanaolala. Hoja ya kwanza kwa mwenye mali ni hiyo.

Mpima Udongo

Naongeza jambo ambalo mkandarasi wako hatalitaja. Nguzo ikiingia ardhini, udongo uliokuwa pale lazima uende mahali. Kwenye mfinyanzi laini unasukumwa kando, na kando yako kuna ukuta wa mto na msingi wa jengo la matofali.

Septemba 1991, kwenye Mto Chicago, zilipigwa nguzo mpya za kukinga daraja la Mtaa wa Kinzie dhidi ya vyombo. Ziliwekwa pembeni kidogo ya zile za zamani ili zisidhuru kibanda cha mtu anayeinua na kushusha daraja. Chini ya mto kulikuwa na handaki la zamani la mizigo. Nguzo hazikulitoboa. Zilisukuma udongo, udongo ukaubana ukuta wa handaki ukapasuka. Januari 1992 tope lilionekana linaingia taratibu, watu wakaanza kuulizana gharama. Tarehe 13 Aprili ukuta ukaachia. Maji ya mto yakaingia katika vyumba vya chini vya majengo ya katikati ya mji, zaidi ya lita milioni 900, na maelfu ya watu wakahamishwa kutoka maofisini mwao siku ile.

Kwa hiyo kabla hujachagua nguzo, tafuta ramani za zamani zote: mahandaki, mabomba, magati yaliyofukiwa. Kifusi chako cha mita 4 kinaniambia kwamba ukingo wa mto zamani haukuwa hapo ulipo leo.

Kama chuma ni lazima, ipo mashine inayosindika mabamba ya chuma ardhini kwa jeki. Inashika yaliyokwisha kuingia na kulishusha linalofuata, haipigi. Kwa ukuta wa kingo naipenda sana. Kwa nguzo za kubeba ghorofa 40, sidhani.

Mzee wa Bomba

Vijana wangu, za kuchimbwa mnazisifu, lakini hapo kwenye kujaa na kupwa simameni kidogo.

Nilikuwa msimamizi wa zamu kwenye kazi ya namna hiyo, shimo la kipenyo cha mita 1.2, limejazwa uji wa bentonaiti, aina ya udongo laini uliokorogwa na maji, ili kuta zisimwagike. Usiku wa bamvua, yaani maji yanapojaa kupita siku nyingine, tukaanza kumwaga zege kwa bomba kutoka chini kupanda. Kila lori la mita za ujazo 7 lilipaswa kupandisha zege mita 6 hivi. Nilikuwa napima mwenyewe kwa kamba yenye kipande cha chuma mwishoni. Malori mawili ya kwanza sawa. La tatu likapandisha mita 3. Nikarudia kupima, kamba ikagota pale pale. Nikauangalia uji juu ya shimo: rangi ilikuwa imegeuka, umekuwa wa kahawia na una chembe zinazokwaruza vidole.

Kilichotokea ni hiki. Mto ulipojaa, maji ya ardhini nayo yalipanda. Uji wetu ulikuwa umezidi maji yale kwa nusu mita tu, ukakosa nguvu ya kuuzuia mchanga, kuta zikaporomoka. Vipimo vya mawimbi ya sauti vikaja kuonyesha zege lenye mchanga kwenye mita 17. Tukaongeza nguzo mbili ubavuni na wiki tatu zikapotea. Kosa lilikuwa letu, tulipima maji mchana wakati wa kupwa.

Ushauri wangu: safu ya nguzo inayotazama mto ivalishwe ganda la chuma la kudumu hadi ipite mchanga. Uji uzidi kiwango cha juu kabisa cha maji kwa mita 2, si cha siku ile, cha bamvua. Na ncha ya bomba isitoke ndani ya zege kamwe.

Mjenzi wa Kingoni

Shikamoo Mzee wangu, na asante sana. Hili la bamvua halimo kwenye ripoti yetu, tulipima maji mara moja tu. Na kuhusu shimo la magari mnasemaje?

Mama Zege

Hapo ndipo ninapotaka tukae, maana naona tunabishania nguzo wakati hatari kubwa ni shimo.

Ghorofa tatu chini ni mita 10 hivi. Kama maji yako mita 2 chini ya uso wa ardhi, sakafu ya chini kabisa inasukumwa juu na maji ya kina cha mita 8, yaani tani 8 kwa kila mita ya mraba. Mpaka jengo liwe zito vya kutosha, unapiga pampu usiku na mchana. Ukipiga pampu, maji yanashuka pia chini ya jirani, mfinyanzi unasinyaa, na matofali yake yanaanza nyufa.

Kujenga chini na juu kwa pamoja kunasaidia, kwa sababu sakafu zenyewe zinakuwa mihimili ya kuzuia kuta zisije ndani. The Shard, jengo refu la London, ilijengwa hivyo: kiini cha zege, ule mhimili wa katikati wenye lifti na ngazi, kilishapanda zaidi ya ghorofa 20 wakati chini bado wanachimba. Shanghai Tower walichanganya. Chini ya mnara walichimba wazi ndani ya ukuta wa duara wa kipenyo cha mita 121, majengo ya pembeni wakayajenga kwenda chini. Lakini duara linataka uwanja, na wewe umesema kiwanja ni chembamba.

Chochote utakachochagua, msirundike udongo kiwanjani. Shanghai, tarehe 27 Juni 2009, jengo la ghorofa 13 la Lotus Riverside, karibu na mto, lililala chali likiwa karibu zima. Upande mmoja walichimba gereji ya mita 4.6, upande wa pili wakarundika udongo hadi kufika mita 10. Udongo ukasukuma, nguzo chini zikakatika. Fundi mmoja alikufa. Nikiona lori linamwaga kifusi kando ya shimo huwa nasimamisha kazi, wanichukie tu.

Msanifu Kijana

Naomba kuuliza, samahani kama ni swali dogo: magari lazima yakae chini? Marina City iliyo ukingoni mwa Mto Chicago, kazi ya Bertrand Goldberg ya miaka ya 1960, ilipandisha magari kwenye ghorofa 19 za mwanzo za kila mnara, watu wakakaa juu yake.

Na hapo hapo mtoni kuna 150 North Riverside, ghorofa 54, ilikamilika 2017. Kiwanja kilibanwa na mto upande mmoja na reli upande mwingine, kama chenu kabisa. Jengo linashuka kwenye mguu mwembamba wa mita 12 hivi, kisha linatanuka juu. Kwa wembamba huo lingeyumba kwa upepo, kwa hiyo kileleni waliweka matangi ya maji ya kutuliza mtikisiko. Ukingo ukabaki wazi kwa watu kutembea.

Mama Zege

Si swali dogo hata kidogo, mdogo wangu. Ungelileta mwanzo wa uzi ungetuokolea maneno.

Tishari la Asubuhi

Mimi ni wa usafirishaji. Nondo, mabamba na kifusi vipitishe majini, tishari moja linaondoa mamia ya tani bila kugusa barabara. Zege pitisha barabarani, haliwezi kungoja foleni ya boti wala kupwa. Ila pima urefu wa chini ya madaraja maji yakiwa yamejaa, na utenge muda wa kreni usiogongana na vyombo vya abiria.

Mjenzi wa Kingoni

Wakuu, nimekaa na mwenye mali leo mchana. Amekubali ghorofa moja tu chini, magari mengine yapande juu. Nyundo imeondolewa mezani. Tunachimba hadi mwamba, safu ya mtoni na ganda la chuma kama alivyosema Mzee. Kesho tunaweka visima vitatu vya kupimia maji, vitasomwa kila saa mpaka bamvua ipite.

Mpima Udongo, kumbukumbu za magati ya zamani nimeziomba. Zikifika nitaziweka hapa, naomba unisaidie kuzisoma.