Fomu ya kuomba msaada: nianze kukata wapi?

Karani wa Dirishani
Wakuu, naomba mawazo. Mimi ndiye ninayepokea fomu za msaada wa serikali: wazee, wenye ulemavu, kaya zisizo na kipato. Fomu ina kurasa 14. Jana kuna mama karudi mara ya nne. Mara ya kwanza hakuwa na nakala ya kitambulisho, ya pili picha, ya tatu sahihi ya shahidi ilitoka nje ya kisanduku. Kitambulisho chenyewe anacho mkononi, na namba yake naiona kwenye kompyuta yangu, ila utaratibu unataka nakala! Nimepewa wiki mbili nipendekeze mabadiliko. Wenzangu wanasema tuhamishie yote kwenye simu. Nyie mnaonaje?

Mstaafu wa Masjala
Mdogo wangu, ukiihamisha ilivyo, watu watateseka kwenye simu badala ya dirishani. Shika kalamu nyekundu kwanza. Kila swali ulipime: jibu lake linabadili uamuzi? Kama halibadili, kata. Jimbo la Michigan kule Marekani walikuwa na fomu ya kurasa 42 yenye maswali zaidi ya 1,000, na mojawapo liliuliza mimba ya mtoto ilitungwa tarehe ngapi. Walikaa na waombaji na makarani, wakaipunguza kwa asilimia 80 hivi. Na hiyo nakala, kama namba unaiona, nakala ya nini?

Mjukuu wa Kwanza
Babu yangu alikwama kwenye neno moja tu, "wategemezi". Akaandika majina yetu wajukuu, maana yeye ndiye anayetutegemea sisi. Akahesabiwa ana watu sita wa kulisha, faili likawekwa pembeni, na hakuna aliyemwambia. Si mngeuliza tu "unaishi na nani, na nani anamlisha nani?" Halafu ujumbe mfupi wa kusema faili limefika wapi. Tulikuwa tunampeleka kila mwezi kuuliza.

Karani wa Dirishani
Asanteni. Mzee, nimekesha na kalamu yako. Nakala imekubaliwa iondoke, "wategemezi" naandika upya, ila shahidi wamegoma kumtoa. Nimeuliza wakubwa jibu la "kazi ya baba wa mwombaji" husomwa na nani. Kimya. Mwombaji wangu wa leo asubuhi ana miaka 81.