Naomba ushauri: gari la V8 otomatiki linaondoka kwa uzito

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nipo Unguja, na gari langu la Kimarekani lenye injini ya V8 na giaboksi otomatiki linavuta vizuri mno likishachanganya, lakini likitoka kusimama, hata nikikanyaga mafuta mpaka mwisho, sindano ya mizunguko ya injini husita karibu na 1,800 kwa dakika kabla ya kupanda, jambo linalonisikitisha sana. Taa ya injini haiwaki, na mafuta ya giaboksi bado ni mekundu, hayanuki kuungua. Fundi anashauri tubadilishe torki konvata, yaani kifaa kinachopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye giaboksi kwa kutumia mafuta. Mimi naishuku zaidi difu, yaani gia za mwisho zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, kwani uwiano wake ni 2.73 (shafti huzunguka mara 2.73 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu), unaofaa safari ndefu kuliko kuondoka kwa kasi. Je, nitafute ya 3.55, ingawa itaongeza ulaji wa mafuta, au kuna kipimo cha kutangulia?