Huduma za dharura za betri: mnabusti, mnachukua hela, mnaondoka. Mbona hampimi?

Wakuu, uzi huu ni wa wale wanaojiita huduma ya dharura barabarani, hasa wa betri. Mjini gari likizima kwenye foleni, au likigoma kuwaka kwenye maegesho ya chini ya jengo, mwenye gari hana la kufanya zaidi ya kupiga simu na kusubiri. Anayekuja anafungua boneti, anabana waya kuazima umeme wa betri nyingine (ndiyo kubusti), gari linawaka, anapokea hela, huyo anaondoka. Betri hakuipima kabla, altaneta (inayochaji betri injini ikiwaka) hakuipima baada, hata teminali, yaani vibano vya waya kwenye betri, kama zimekaza hakugusa. Kesho yake asubuhi gari halitoi hata mlio. Anapigiwa tena, na safari hii anakuja na betri mpya ya kuuza.

Kinachoniudhi ni kwamba kipimo chenyewe ni cha dakika mbili, na mita inaingia mfukoni.

Betri ya gari ina seli sita, kila moja kama volti 2.1. Ikiwa imejaa na imepumzika saa kadhaa, mita inasoma 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.4 imebaki robo tatu hivi, 12.2 ni nusu, 12.0 ni kama robo, chini ya 11.9 ihesabu haina kitu. Ikikwama kwenye 10.5 na hata baada ya kuchajiwa saa nyingi haipandi, seli moja imekufa, hapo ni betri mpya na hakuna ubishi. Kisha piga stata huku mita imeshikwa kwenye vichwa vya betri: volti zikianguka chini ya 9.6, betri haina chaji au imechoka. Injini ikishawaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.7. Ikibaki 12 na kitu na inazidi kushuka, altaneta haichaji, au mkanda unateleza, au fyuzi kubwa ya njia ya kuchaji imekatika. Ikivuka 15, kidhibiti cha altaneta kimeharibika na betri inachemshwa. Magari ya karibuni ambayo kompyuta ndiyo inaamua kuchaji yanaweza kushusha volti makusudi kwa muda, kwa hiyo kabla ya kuhukumu washa taa kubwa na feni uone kama zinapanda.

Namba tatu: kabla ya kuwasha, wakati wa stata, baada ya kuwaka. Ziandikwe kwenye risiti. Mteja akipewa namba hizo anajua kama ana tatizo la betri, la altaneta, au alisahau taa tu. Asipopewa, amelipia kuwashiwa gari mara moja na ameondoka bila kujua kilichomkwamisha.

Halafu kuna mchezo wa kuuza betri. Fundi anakuja na kile kifaa kinachopima CCA, yaani nguvu ya betri ya kupiga stata kwenye baridi. Anakichomeka kwenye betri yenye volti 11.5, kinasoma nguvu ndogo, anamwonyesha mteja kioo: "Unaona, imekufa." Si kweli! Betri isiyo na chaji lazima isome vibaya, hata kama ni ya miezi sita. Vifaa vizuri vyenyewe huandika "chaji kisha pima tena", na hiyo sehemu mteja haonyeshwi. Betri inapimwa ikiwa imejaa. Unaichaji kwa kiasi cha ampea sawa na sehemu ya kumi ya ukubwa wake, yaani ampea 6 kwa betri ya Ah (ampea-saa) 60, na kama iliisha chaji kabisa tegemea saa 10 hadi 12 au zaidi. Kisha unawasha taa kubwa dakika moja au mbili kuondoa chaji ya juujuu, unazima, unaiacha dakika chache, ndipo unapima. Ikishindwa hapo, uza mpya.

Na mkiuza, uzeni inayofaa. Gari lenye mfumo wa kuzima injini lenyewe kwenye taa za barabarani linataka EFB au AGM, aina za betri zinazostahimili kushuka na kupanda chaji mara nyingi. Likifungwa betri ya kawaida, haimalizi muda wake, kwa sababu haikutengenezwa kushuka na kupanda mara nyingi hivyo kwa siku. Lililotoka na AGM lirudishiwe AGM. Baadhi ya magari yanataka betri mpya isajiliwe kwenye kompyuta ili uchaji ubadilike. Asiye na kifaa cha kusajili aseme kabla ya kufungua nati.

Vichwa vya betri navyo ni kero ya pekee. Viko vinene, chanya milimita 19.5 na hasi 17.9, na viko vyembamba vya magari madogo ya Kijapani, 14.7 na 13. Mtu analeta betri ya vichwa vyembamba kwenye gari la teminali nene, kisha anachomeka msumari au kipande cha bati ili ikaze. Kile kipande kinashika sehemu ndogo tu. Stata inavuta ampea mia na zaidi kupitia hapo, panapata moto, panaota unga, na wiki chache baadaye gari linazima mataa yote likiruka tuta. Kuna vikombe vya risasi vya kuvalisha kichwa chembamba kiwe kinene, ni vidogo na havina bei kubwa. Kama hamna, msiuze hiyo betri.

Sasa waya. Waya nene kwa macho, ndani ni nyuzi chache za alumini iliyopakwa shaba na plastiki tele. Injini ndogo ya petroli inataka shaba ya walau milimita 16 za mraba, dizeli 25 kwenda juu. Waya ukiwa mwembamba volti zinaishia njiani, stata inakoroma, fundi anasema stata imekufa. Ukishika waya baada ya kupiga stata na ukakuta wa moto, tatizo liko mkononi mwako.

Mpangilio wa kubana haubadiliki: nyekundu kwenye chanya ya gari bovu, nyekundu ya pili kwenye chanya ya gari zima, nyeusi kwenye hasi ya gari zima, nyeusi ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Hiyo ya mwisho ndiyo inayopuuzwa kila siku. Betri hutoa gesi ya haidrojeni na klipu ya mwisho hutoa cheche. Cheche juu ya betri ni mlipuko wa tindikali usoni. Gari zima liungurume dakika tatu hadi tano kabla ya kujaribu. Stata isizidi sekunde 10, kisha pumzisha dakika moja. Kabla ya kubandua, washa feni na kiyeyusha ukungu cha kioo cha nyuma kwenye lile gari bovu lililowaka, ili volti zisiruke ghafla, kisha bandua kwa kurudi nyuma ya ule mpangilio. Betri iliyovimba, iliyopasuka au inayovuja haibustiwi kabisa. Na lori la volti 24 lisisogezwe kwa gari la volti 12, hata "kidogo tu".

Lililobaki ni ule ushauri wa kuagana: "Liache liungurume dakika ishirini, betri itajaa." Haijai. Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, altaneta hutoa sehemu tu ya uwezo wake, na taa, feni na pampu ya mafuta vinakula kwanza. Hata zikiingia ampea 10, dakika 20 ni Ah 3 na kidogo. Betri ya Ah 60 iliyoisha chaji imebaki na deni lake karibu lote. Mwambieni mteja ukweli: iwekwe kwenye chaja usiku kucha, na ikikaa tupu siku nyingi madini ya salfati yanaganda kwenye bamba zake na hairudi tena kama ilivyokuwa.

Na yule anayechomoa teminali ya hasi gari likiunguruma "kupima altaneta" anyang'anywe spana. Betri ndiyo inayotuliza mawimbi ya altaneta. Ikiondolewa volti zinaruka juu sana, na kompyuta ya injini inaweza kufa hapo hapo.

Mchangiaji 2

Mkuu umesema yote ila umeruka waya wa ethi. Gari nyingi zinazoitwa "betri mbovu" zina betri nzima kabisa na waya wa hasi uliooza pale unapofungwa kwenye bodi au kwenye injini. Kipimo chake ni rahisi: mita kwenye volti, ncha moja juu ya kichwa chenyewe cha hasi (siyo teminali), nyingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Ikizidi 0.2, ethi ina tatizo. Fanya hivyo upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi nati kubwa ya stata. Ikizidi 0.5, waya au teminali inapoteza umeme. Unga mweupe au wa kijani unaoshwa kwa maji na soda ya kuokea, unasugua kwa brashi ya waya, unakausha, unakaza. Spana ya 10 mara nyingi inatosha. Hasi inafunguliwa kwanza na kufungwa mwisho, ili spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya isitokee shoti.

Mchangiaji 3

Nawatetea kidogo hawa vijana. Kuna mahali huwezi kusimama na mita. Gari limezimia njia ya kati, malori yanapita sentimita chache kutoka mgongoni. Hapo kazi ya kwanza ni kuliondoa gari barabarani, vipimo vitafuata pembeni. Pia gari inayonyonya betri ikiwa imezimwa haiwezi kupimwa kwenye foleni. Lazima ufunge milango, usubiri kompyuta zake zote zilale, nusu saa au zaidi, ndipo usome ampea. Kawaida isizidi miliampea 50.

Mleta uzi

Nakubali kuhusu njia ya kati. Lisogezwe kwanza. Lakini kwenye maegesho hakuna lori, na huko pia hawapimi. Kuhusu kunyonya, kama haiwezekani pale pale basi mteja aambiwe hivyo na aandikiwe: "Betri nzima, altaneta nzima, kapime unyonyaji." Sentensi moja tu.

Hapo nirudi kwa wapokea simu. Swali lao ni "uko wapi?" na "gari gani?", basi. Ulizeni gari linatoa sauti gani. Tak-tak-tak ya haraka ni chaji ndogo au teminali mbovu. Mlio mmoja mzito kisha kimya, na taa hazififii, angalia stata. Injini inazunguka kwa nguvu lakini haiwaki, betri si tatizo, na mnamtuma mtu bure. Ulizeni ni petroli au dizeli, lina mfumo wa kuzima lenyewe au halina, betri iko mbele au iko kwenye buti. Ulizeni kimo cha mlango wa maegesho, maana gari lenu refu haliingii chini ya jengo na mteja anasubiri saa nzima kisha mnamwambia asukume. Mtu wa pikipiki mwenye busta ya begani (kifaa kidogo chenye betri yake cha kuwashia gari) anafika popote, foleni haimzuii. Na acheni kusema dakika ishirini wakati mnajua ni saa moja na nusu. Mteja anayejua ukweli ataweka pembetatu, atazima vyote na kukaa nje ya barabara. Anayedanganywa anakaa ndani na taa za hatari zinawaka, na hizo zikiwa balbu za kawaida zinakula ampea 3 hadi 4 kwa wastani kutoka kwenye betri ile ile.

Mchangiaji 4

Haibridi je? Naona wanabana waya kama kawaida.

Mchangiaji 2

Haibridi, gari linalotumia injini pamoja na mota ya umeme, ina betri ndogo ya volti 12 inayoamsha kompyuta tu. Injini inawashwa na betri kubwa. Kwa hiyo kuisaidia haibridi ni kazi nyepesi: chanya kwenye sehemu iliyowekwa chini ya boneti au kwenye sanduku la fyuzi, hasi kwenye chuma, inaamka, basi. Kosa ni kinyume chake, kutumia haibridi kubusti gari lingine. Stata ya gari la pili inavuta kuliko ile betri ndogo na waya zake zinavyoweza, na kinachoungua ni ghali. Waya za rangi ya chungwa ni za volti za juu, hazishikwi.

Busta za lithiamu nazo zina kitufe cha kulazimisha, kinachotumika betri ikiwa chini mno hadi busta haiitambui. Ukikibonyeza ile kinga dhidi ya kugeuza nyaya inazimika. Kwa hiyo angalia alama za + na − mara mbili kwanza. Zikigeuzwa, ikiwa una bahati inaungua fyuzi kuu, vinginevyo dayodi za altaneta zinakwenda nayo.