Njia salama ya kupitisha kamba juu ya mvinje na mwembe mrefu ili kutundika antena

MkaziWaGoba aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Nina leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya kuzungumza na wenzangu hewani bila biashara, iliyotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), na hapa nyumbani Goba, Dar es Salaam, nina mvinje wenye kimo cha mita 20 kwa kukadiria upande mmoja wa kiwanja, na upande wa pili mwembe mkongwe, mfupi kidogo lakini wenye majani mazito sana. Nataka kutundika kati ya miti hiyo antena ya waya ya masafa ya megahezi 7, ambayo urefu wake wote ni kama mita 20, na kebo ya kwenda redioni huungwa katikati.

Redio hainisumbui, kinachonisumbua ni kuifikisha kamba juu. Jiwe lililofungwa uzi, likirushwa kwa mkono, linaishia kwenye matawi ya chini. Nimesoma kwamba wenzetu wa Marekani hutengeneza mizinga ya mabomba ya plastiki inayorusha uzi kwa hewa iliyopampiwa, na fundi bomba wa mtaani kwetu yuko tayari kuniungia mmoja kwa vipande vilivyobaki kazini. Wapo pia wanaosifu manati, upinde na droni. Naomba ushauri wa aliyewahi kuifanya kazi hii, akizingatia kwamba upande wa barabara zinapita nyaya za umeme na kwamba mabati ya jirani yako hatua chache kutoka ukuta wangu.

ChubwiNaMshipi alijibu:

Mkuu, huo mzinga achana nao kabla fundi hajafungua kopo la gundi. Bomba la plastiki la dukani limetengenezwa kwa ajili ya maji, na namba ya shinikizo iliyochapwa ubavuni mwake inahusu maji tu. Maji hayabanwi kirahisi, kwa hiyo bomba likipasuka shinikizo hushuka papo hapo na hasara inakuwa kulowa. Hewa hubanwa na kuweka akiba kubwa ya nguvu, na bomba likishindwa kuihimili, vipande vyenye ncha huruka pande zote, ukiwemo upande wa aliyelishika. Plastiki iliyowahi kupigwa na jua muda mrefu hupasuka kwa urahisi zaidi, na vipande vilivyobaki kazini huwezi kujua vimekaa juani kiasi gani. Isitoshe, mtu anayeonekana juu ya ukuta ameelekeza bomba angani, kisha mlio ukasikika, atakuwa na maelezo marefu ya kutoa kwa mjumbe na kwa polisi. Droni nayo inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwa kamba moja sioni haja ya kuanza safari hiyo.

Nguvu unayohitaji ni ndogo kuliko unavyofikiri. Ukiacha upinzani wa hewa na wa uzi, kitu chochote kinachotakiwa kupanda mita 20 kinahitaji kuondoka kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa. Manati ya panda imara yenye mipira ya tyubu hutoa mwendo huo na ziada, ikiwa imebeba chubwi, kile kipande cha risasi cha kuzamishia mshipi, ya gramu 30 hadi 60. Chini ya uzito huo chubwi itavuka tawi lakini itaning'inia hukohuko juu, kwa sababu uzito wake hauwezi kuuvuta uzi dhidi ya msuguano wa magome. Ukizidisha sana, unachokirusha kinarudi chini kwa mwendo unaokaribiana na ule uliokipeleka, na kichwa cha mtu hakina bati.

Kinachowashinda wengi ni namna uzi unavyotoka, wala si manati. Tumia mshipi wa nailoni wa milimita 0.35 hivi, unaopatikana Kariakoo au kwa wauza zana za uvuvi karibu na Feri. Uzungushe kwenye kopo la maziwa ya unga lenye ukingo laini, kwa mizunguko inayolala sambamba bila kupandana, kisha mwenzako alishike kopo huku kitako chake kikiutazama mti, ili mshipi uchomoke kwa mbele bila kopo lenyewe kuzunguka. Kopo likilazimika kuzunguka, litachelewa kuanza na litachelewa kusimama. Lile la kwanza litaikata chubwi, na lile la pili litakuachia fundo la kufungua hadi adhuhuri. Mwenye rili ya kuvulia, ile ambayo gurudumu lake hubaki limetulia mshipi ukitoka, anaweza kuifunga kwenye fimbo na kufanya kazi hiyo peke yake.

Chubwi ikishatua, usivute kamba kubwa moja kwa moja kwa mshipi. Fungia kwanza uzi wa waashi, uupitishe, ndipo uzi huo uvute kamba. Kila kifundo kizungushie gundi ya utepe ya mafundi umeme, ukianzia kwenye uzi mwembamba na kuishia kwenye ule mnene, ili kisipate mahali pa kunasa kwenye magome.

Sasa hatari ambayo watu huisahau. Chubwi ikinasa, usisimame chini yake ukiutazama mti na kuvuta. Nailoni huvutika, na tawi likiiachia, risasi hiyo inarudi kwenye mstari uleule wa mshipi hadi machoni pako. Zungusha mshipi kwenye kijiti, rudi nyuma kadiri unavyoweza, geuza uso, ndipo uvute mpaka uachie au ukatike.

BintiKigamboni alijibu:

Samahani, lakini mbona hakuna aliyemtaja mkwezi? Huku kwetu ukihitaji kitu kifike kileleni humwiti mtu wa manati, unamwita mkwezi, mnapatana bei, na kabla chai haijapoa kamba iko juu. Nakubali kwamba kwa mvinje jambo hili ni gumu, maana matawi yake ya juu ni membamba na huvunjika bila kutoa taarifa, na sitamshauri mtu ampandishe mwanadamu huko kwa sababu ya waya. Mwembe, hata hivyo, ni mti wa kupandika, na ukiwa na majani mazito kama unavyosema, chubwi itazama humo na huenda usiione tena. Mvinje upigiwe manati, mwembe upandwe.

BahariaKurasini alijibu:

Wadogo zangu, suala hili ni kongwe kuliko redio. Kapteni George Manby wa Uingereza alitumia mzinga mdogo kurushia kamba meli iliyokwama karibu na pwani mwaka 1808, na mabaharia wake wakaokolewa. Kabla ya hapo alisumbuka sana na kiungo kati ya tufe na kamba: mnyororo ulikatika, kamba iliungua kwa baruti, na kilichofaa ni ngozi mbichi iliyosukwa. Ilimlazimu pia kuipanga kamba kwa uangalifu ili itoke bila kujisokota. Hadi leo kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinataka chombo cha kurushia kamba kiwe na makombora yasiyopungua manne, kila moja likiweza kupeleka kamba mita 230 hali ya hewa ikiwa shwari, na kamba yenyewe hukaa imepangwa ndani ya chombo chake ikisubiri. Kwa hiyo namuunga mkono bwana Chubwi kuhusu kopo. Asiye na kopo la kufaa aushushe mshipi ndani ya beseni pana lililokauka, mzunguko juu ya mzunguko, bila kuusogeza tena baada ya hapo.

Kuhusu nyaya za umeme sitaki mjadala. Baadhi ya laini za TANESCO za mitaani huwa na volti 11,000 au 33,000, na mshipi uliolowa umande wenye chumvi si kitu cha kuuamini. Simama ukiwa umezipa nyaya mgongo, hata kama inabidi urushie kutoka upande usiokupendeza, na uhakikishe kwamba chubwi ikipitiliza itatua ndani ya kiwanja chako. Rusha asubuhi mapema, kabla upepo wa bahari haujaamka.

MkaziWaGoba aliandika:

Nawashukuru sana, na mzee wangu Baharia shikamoo. Fundi bomba nimeshamwambia asijisumbue. Nimebakiwa na swali moja: kamba ikishapita, ni aina gani itakayodumu, na nifanyeje ili Kusi likianza kuyumbisha miti hiyo miwili, kila mmoja kwa upande wake, waya usikatike katikati?

ChubwiNaMshipi alijibu:

Kamba ya katani itaoza masika ya kwanza, na zile za plastiki za rangi ya buluu au kijani zinazofungia mizigo huchujuka kwa jua hadi zinatoa unga ukizishika. Tafuta kamba ya poliesta iliyosukwa, ikiwezekana nyeusi, ya milimita 4 hadi 5. Upande mmoja ufunge moja kwa moja. Upande wa mvinje, ambao ndio utakaoyumba zaidi, usiifunge antena kwenye kamba iliyolalia tawi, kwa sababu msuguano utaila kamba na tawi pia. Kamba iliyovuka tawi itumie kupandisha kapi dogo ambalo tayari limepitishiwa kamba ya pili, kwenye mwisho mmoja wa kamba hiyo ya pili ufunge antena, na kwenye mwisho wa pili, chini, ning'iniza dumu la lita 5 lenye mchanga au maji. Mti ukiyumba dumu litapanda na kushuka, na waya utabaki na mvuto uleule. Anza na maji kidogo, uongeze hadi waya unyooke, na uliache dumu juu ya kimo cha watoto lakini mbali na njia wanamopita.

Jambo la mwisho, na hili linategemea unataka kuzungumza na nani. Kwa Dodoma na Arusha, antena ya megahezi 7 iliyo mita 8 au 10 kutoka ardhini inafanya kazi vizuri, kwa sababu mawimbi hupanda karibu wima na kurudi chini ndani ya nchi. Kimo cha mita 20 kina faida ukiwa unawatafuta watu wa Ulaya au Asia. Kama ni mazungumzo ya hapa nyumbani tu, lenga panda la katikati ya mvinje, ambalo hata ukilikosa mara ya kwanza utaiona chubwi ilipo.