Naambiwa "hamisha barua pepe za zamani", nahamisha, sanduku linajaa zaidi!

Mtu wa huduma kwa wateja akiniambia tena "zima kompyuta halafu uwashe", nitaenda ofisini kwao na hiyo kompyuta nimejitwika kichwani.

Mimi ni mhasibu kwenye duka la vipuri hapa Kirinyaga Road, Nairobi. Barua pepe zetu ziko kwa kampuni moja ya hapa mjini, nafasi ya GB 5, tunalipia kila mwaka bila kuchelewa. Jumatatu likaja onyo kwamba nafasi inakaribia kwisha. Nikapiga simu. "Mama, hamishia za zamani kwenye folda ya kumbukumbu, utapata nafasi." Kufuta siwezi, sheria ya kodi inataka rekodi zikae miaka 5, na invoisi za wauzaji wetu wa Dubai hazina karatasi, zinaingia kwa barua pepe tu.

Nikachagua za mwaka mzima, nikaziburuta. Ule mstari ukatambaa, ukakwama, kisha ukaja ujumbe: nafasi imekwisha. Imekwisha vipi na mimi ndiye natafuta nafasi? Kufungua folda, nakuta za Januari hadi Machi zimeingia. Kurudi kwenye kikasha, zilezile bado zipo, zimepigwa mstari katikati. Mbilimbili! Saa nne mteja wa Thika ananipigia, barua pepe yake ya oda ya breki imerudishwa kwa sababu sanduku letu limejaa. "Dada, kwani mmefunga duka?"

Aliyenifungua macho ni kijana wa saiba ya ghorofani, si hao tunaowalipa. Folda hiyo iko kwenye seva ileile, yaani kompyuta ya kampuni inayohifadhi barua zetu, inakula GB 5 zilezile. Umetoa gunia sebuleni ukaliweka chumbani, nyumba ni ileile. Tena seva yao ni ya kizamani. Amri ya kuhamisha kwa mpigo mmoja ipo tangu 2013, kwenye waraka wa viwango vya intaneti uitwao RFC 6851, lakini seva isipokuwa nayo, programu inanakili kwanza, inaitia barua ya kwanza alama ya kufutwa, na kuifuta kabisa ni kazi nyingine ya baadaye. Kwa hiyo katikati ya safari unabeba mzigo mara mbili. Sanduku lililokaribia kujaa litapitaje hapo? Na hili hawakulijua waliponishauri?

Tulichofanya: kwanza tukaondoa kabisa zile zenye mstari, baada ya kuhakikisha nakala zake zinafunguka, nafasi ikapatikana. Kisha tukatengeneza folda ndani ya kompyuta yenyewe, si kwenye seva, tukahamisha mia mbili mbili. Kila fungu nafungua tatu nne nione kama viambatisho viko sawa. Jioni nakala nyingine kwenye diski ya nje, maana stima ya hapa mtaani mnaijua.

Leo asubuhi wamepiga simu. Nikadhani wanaomba radhi. Kumbe wananiuliza kama nataka kifurushi cha GB 10.

Shida iliyobaki: nilipojaribu tena na tena ile siku ya kwanza, Februari yote imejirudia mara tatu, nayo iko kwenye kompyuta sasa. Mwenye njia ya kuondoa nakala bila kufungua moja moja aniambie, VAT ni tarehe 20 na bado sijagusa kitu.