Darubini ya baharia, ya Galileo au ya Newton: ipi imetutendea makubwa zaidi?

Mwangaza_Mbali (mwanzisha mada)

Heshima kwenu wadau. Klabu yetu ya sayansi inaandaa maonyesho, na mimi nimekabidhiwa meza ya darubini. Nafasi ni ya mfano mmoja tu, wa kuundwa kwa mikono, ambao utabeba historia nzima ya chombo hiki. Nimechuja nikabaki na mitatu.

Kwanza, darubini ya baharia: bomba la shaba lenye vipande vinavyoingiana, la kuvuta na kufunga. Pili, ya Galileo ya 1609, yenye lenzi mbinuko (nene katikati) mbele na lenzi mbonyeo (nyembamba katikati) jichoni. Tatu, ya Newton ya 1668, ambayo badala ya lenzi ya mbele ina kioo mbonyeo cha kuakisi, kilichobonyea kama bakuli, kwenye kitako cha bomba, na kioo kidogo bapa kinachoutupa mwanga ubavuni.

Mwenyewe naegemea ya baharia, maana hata mtoto mdogo akiiona anaitambua. Ila sitaki kuchagua kwa sura peke yake. Naomba hoja.

Sitaha_Juu

Mkuu, usiyumbe, chukua ya baharia. Darubini haikuzaliwa kwa ajili ya nyota. Oktoba 1608, Hans Lippershey, fundi wa miwani wa Middelburg, alipoomba hataza (haki ya pekee ya kutengeneza darubini) kwa serikali ya Uholanzi, nchi ilikuwa vitani na Hispania, na waliomsikiliza walitaka kumwona adui angali mbali. Hataza alinyimwa kwa kuwa wengine nao walidai kukijua chombo hicho, lakini alilipwa atengeneze za kutazamia kwa macho mawili. Galileo naye, Agosti 1609, aliwapandisha wakuu wa Venice mnarani akawaonyesha merikebu ambazo macho matupu yangezipata baada ya saa mbili au zaidi. Hapo ndipo mshahara wake ulipopandishwa, kabla hajaitazama Mshtarii hata mara moja.

Baharini faida yake ilikuwa kubwa kuliko kuona nchi kavu mapema. Meli za vita zilizungumza kwa bendera, na bendera isiyosomeka ni kitambaa tu. Mwenye darubini aliweza kusoma amri akiwa maili kadhaa. Hata bara jambo hilo lilifanyika: mwaka 1794 Mfaransa Claude Chappe alifungua njia ya minara kati ya Paris na Lille, takriban kilomita 230. Juu ya kila mnara palikuwa na mikono ya mbao, na mlinzi alisoma ishara za mwenzake kwa darubini, akazirudia kwa mnara unaofuata. Habari zilivuka nchi bila farasi na bila umeme.

Bi_Nyota

Ndugu yangu Sitaha, ya vita nayakubali. Lakini kuona merikebu mapema ni kuona kile ulichokwisha kujua kipo. Januari 7, 1610 Galileo aliona nukta tatu za mwanga kando ya Mshtarii, na siku chache baadaye ya nne. Aliporudia kuzitazama usiku baada ya usiku, alikuta zinahama, tena zinaizunguka Mshtarii yenyewe, yaani ni miezi yake. Kabla ya hapo mtu angeweza kushikilia kwamba kila kilicho mbinguni kinaizunguka Dunia. Mwishoni mwa mwaka huohuo akaona Zuhura ikiandama na kupungua kama mwezi wetu, jambo ambalo lisingewezekana kama Zuhura isingelizunguka Jua.

Na chombo chenyewe kilikuwa dhaifu! Kilikuza takriban mara 20, na uwanja wake ulikuwa mwembamba kiasi kwamba Mwezi mzima haukuenea ndani yake, ilibidi kuukagua kipande kwa kipande. Thomas Harriot wa Uingereza alikuwa ameuchora Mwezi kwa darubini miezi kadhaa kabla yake, ila hakuchapisha. Galileo alichapisha Machi 1610. Kwangu hilo lina uzito sawa na lenzi zenyewe: alichokiona aliwapa wengine wakihakiki.

Kioo_Mbonyeo

Naheshimu hoja zote mbili, lakini mnazungumzia mlango mkiisahau nyumba. Ukiuliza ipi imefanya kazi kubwa zaidi kwa miaka mingi zaidi, jibu ni ya Newton, tena kwa mbali.

Tatizo la lenzi za mwanzo lilikuwa rangi. Kioo cha lenzi huupinda mwanga wa buluu zaidi ya mwekundu, kwa hiyo kila nyota angavu ilizungukwa na ukingo wa rangi. Dawa iliyojulikana ilikuwa kutumia lenzi yenye mpindo mdogo sana, na hapo bomba linarefuka. Johannes Hevelius wa Danzig alifikia darubini ya takriban mita 46, iliyoning'inizwa kwenye mlingoti kwa kamba, ambayo upepo kidogo tu uliitikisa. Newton akaliendea tatizo kwa njia nyingine: kioo cha kuakisi hurudisha rangi zote kwa pembe ileile. Darubini yake ya kwanza ilikuwa na urefu wa kama sentimita 15 tu, kioo chake kikiwa cha madini ya shaba na bati.

Halafu kuna suala la ukubwa, nalo ndilo linalomaliza ubishi. Mwanga unaokusanywa huongezeka kwa mraba wa kipenyo. Mboni ya jicho gizani hufunguka kama milimita 7, hivyo kipenyo cha milimita 70 hukusanya mwanga mara 100 ya jicho. Sasa, lenzi hushikwa ukingoni pekee, maana mwanga lazima upite katikati. Ikiwa kubwa mno inalegea kwa uzito wake yenyewe. Darubini ya lenzi ya Yerkes, Marekani, ya 1897, ina kipenyo cha sentimita 102, na hakuna ya lenzi iliyo kubwa kuliko hiyo iliyowahi kudumu katika kazi ya kutafiti anga. Kioo cha kuakisi hakina shida hiyo kwa sababu unaweza kukiegemeza mgongo mzima. William Herschel aliigundua Uranus Machi 13, 1781 kwa kioo alichokisugua mwenyewe. Mlima Wilson, Marekani, walifunga kioo cha mita 2.5 mwaka 1917, na kwa hicho mtafiti wa anga Edwin Hubble alipata ushahidi kwamba Andromeda ni galaksi nyingine, iliyo nje kabisa ya yetu. Darubini ya anga ya James Webb, iliyorushwa Desemba 25, 2021, ina kioo cha mita 6.5 kilichounganishwa kwa vipande 18. Huyo ni mjukuu wa Newton, wala si wa baharia.

Sitaha_Juu

Mkuu Kioo, umesema vizuri, ila kwenye rangi umeishia njiani. Mwaka 1758 John Dollond alipata hataza ya lenzi ya vioo viwili vya aina tofauti vilivyobanwa pamoja, kimoja kikisahihisha rangi za mwenzake. Chester Moor Hall alikuwa amelifikia wazo hilo miaka mingi kabla, ila Dollond ndiye aliyelitia sokoni. Tangu hapo darubini ya mkononi ikawa fupi na safi. Kioo cha Newton kipeleke sitahani penye chumvi na mawimbi uone: madini yale yalififia na kuhitaji kusuguliwa upya, na mrusho mmoja wa chombo unavipindisha vioo.

Mwangaza_Mbali

Hoja nzito hizi. Lakini je, mabaharia wa leo bado wanatumia bomba lile?

Sitaha_Juu

Wengi wameliacha, wanatumia darubini ya macho mawili. Ya kawaida melini ni 7×50: inakuza mara 7, na kila lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 50. Gawanya 50 kwa 7 upate kama 7, upana wa mboni iliyofunguka gizani, kwa hiyo mwanga wote unaingia jichoni. Ukuzaji mkubwa zaidi haufai, kwa sababu mtikiso wa meli nao unakuzwa. Usiku wa Aprili 14, 1912 walinzi wa mlingotini wa Titanic hawakuwa nayo hata moja, na Frederick Fleet aliueleza uchunguzi kwamba wangekuwa nayo wangeliona lile jabali la barafu mapema zaidi. Wapo wanaopinga kwamba ingesaidia usiku ule, ila ushahidi wake upo.

Bi_Nyota

Niongeze mahali ambapo bahari na anga zilikutana zikashindwana. Galileo alipendekeza miezi ya Mshtarii itumike kama saa ya kutafutia longitudo, yaani umbali wa mahali kuelekea mashariki au magharibi: ukijua dakika mwezi fulani unapoingia kivulini, unalinganisha na saa ya mahali ulipo. Nchi kavu njia hiyo ilifaulu vizuri, na Wafaransa waliitumia kupima ramani ya nchi yao. Melini haikuwezekana, kwa kuwa hakuna awezaye kuishika Mshtarii katika uwanja mwembamba vile huku sitaha ikiinuka na kushuka. Mabaharia walikuja kuokolewa na saa ya John Harrison, iliyoshika wakati sahihi hata melini, na hesabu za mahali Mwezi ulipo angani. Miezi ileile ilimwezesha Ole Rømer, mwaka 1676, kuonyesha kwamba mwanga nao huchukua muda kusafiri. Sitaha, hili halipunguzi heshima ya chombo chako, ila linaonyesha mipaka yake.

Mchora_Rangi

Mimi nachora, niseme juu ya taswira. Darubini ya baharia imeshinda katika picha kwa sababu inachoreka: mtu, mkono, bomba, upeo wa bahari. Maharamia wa mwanzo wa karne ya 18 huchorwa na shaba inayong'aa, ingawa darubini nyingi za zama zile zilikuwa za mbao au karatasi nzito iliyovikwa ngozi. Nelson naye, kamanda wa majini wa Uingereza, vitani Copenhagen, Aprili 2, 1801, husimuliwa kwamba aliiweka darubini kwenye jicho lake bovu ili asiione ishara ya kumtaka aache mapigano. Kisa hicho kimefanya darubini na ukaidi viwe kitu kimoja katika fikra za watu.

Lakini darubini ya anga nayo ina taswira zake, nyingine za hatari. Agosti 1835 gazeti la The Sun la New York lilichapisha kwamba John Herschel, mwana wa William, aliyekuwa kweli Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, akipima nyota za kusini, ameona viumbe wenye mabawa ya popo Mwezini. Ulikuwa uzushi mtupu, na watu waliamini kwa sababu hawakuwa na chombo cha kuhakiki. Mtazama nyota Percival Lowell alichora mifereji ya Mirihi kwa miaka mingi akiamini kabisa anaiona. Chombo cha anga Mariner 4 kilipopita pale 1965 kilikuta mashimo ya vimondo. Ningependa mezani pako pawe na chembe ya hilo pia, kwamba jicho hudanganya hata likiwa na msaada.

Na tusisahau kundinyota liitwalo Telescopium, lililopewa jina na Nicolas-Louis de Lacaille baada ya kuzipima nyota za kusini kutoka Rasi hiyohiyo mwaka 1751 na 1752. Alipima karibu nyota 10,000 kwa darubini yenye lenzi ya nusu inchi tu!

Mwangaza_Mbali

Nimeamua: mezani ya Newton, ukutani mchoro wa ya baharia, na ukurasa wa Galileo wenye nukta zake kando. Kioo nitakiacha wazi upande mmoja ili mgeni aone njia ya mwanga. Swali la mwisho: mchana nikiielekeza nje watu watazame, kuna tahadhari?

Kioo_Mbonyeo

Moja, nayo haina mjadala: isielekezwe Jua kamwe, hata kwa sekunde, na mtu asiachwe peke yake nayo. Kioo hicho hukusanya joto la kutosha kuunguza jicho papo hapo. Ukitaka kuonyesha madoa ya Jua, tumia njia ya Benedetto Castelli ambayo Galileo aliifuata 1612: darubini ndogo ya lenzi itupe taswira kwenye karatasi nyeupe, watu waangalie karatasi, na bomba lizungushiwe kizuizi ili asiwepo wa kuchungulia.